Glavu za hospitali zilivyoniponza kwenye kostiki soda. Wanaojua vifaa vya kinga, njooni tuelezane

Bi Mapovu | #1

Wakuu habari za jioni.

Natengeneza sabuni ya mche na ya maji uani kwangu hapa Mbagala, huu mwaka wa nne. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una bandeji kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Iko hivi. Ijumaa nilikuwa na oda. Nimeshamimina kostiki kwenye maji, nakoroga kwa mwiko kwenye ndoo ya plastiki, nimevaa zile glavu nyeupe za hospitali, boksi moja zinakaa mia. Kijana wangu anapita na dumu la mawese, akaigusa ndoo kwa goti. Ikayumba, maji ya kostiki yakaruka yakaingia kwenye mdomo wa glavu na kushuka ndani. Kilichonidanganya ni kwamba hayakuuma. Nilisikia utelezi tu, kama mtu aliyeshika bamia. Nikaona kwanza niiweke ndoo sawa isije ikamwagika yote, kisha nikamfokea yule kijana vizuri, kisha ndiyo nikaanza kusikia moto. Navua glavu, ngozi ya juu ya kiganja imelainika, nyeupe kama ya mtu aliyefua siku nzima.

Nikakimbilia ndimu. Kwenye semina ya ujasiriamali tuliambiwa kostiki dawa yake ni kitu kichachu. Jamani, sitaki hata kukumbuka.

Zahanati daktari akaniuliza, "Mama, ulivaa nini?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: glavu. Akatikisa kichwa tu.

Jana nikashuka Kariakoo na mkono wangu huu mmoja. Glavu za njano, za bluu, nyeusi ndefu, nyekundu nzito kama za wazibua vyoo. Bei kuanzia elfu mbili mpaka arobaini. Kila muuzaji anasema, "Zote za kemikali hizo, dada." Miwani vilevile, barakoa vilevile. Nimerudi mikono mitupu.

Mimi natumia kostiki, salfoniki na slesi za sabuni ya maji, na fomalini kidogo ya kuzuia sabuni isiharibike. Nataka pia kuanza dawa ya choo ya asidi ya hidrokloriki. Ninunue nini hasa? Si mnitajie duka, nataka kujua naangalia nini kwenye hicho kitu.

Nawasilisha.

---

Kijiti Kikavu | #2

Pole sana dada. Naweka kambi hapa, mke wangu naye kaanza haya mambo ya sabuni.

---

Mzee wa Pwani | #3

Pole mwanangu. Mtu wa kemikali hakosi maziwa freshi, nusu lita kila jioni. Mimi nimepaka rangi magari miaka ishirini pale Gerezani, maziwa ndiyo yamenifikisha hapa. Hizo glavu ni kujisumbua.

---

Mtu wa Maabara | #4

Bi Mapovu pole sana. Nimekaa maabara miaka mingi, ngoja nikueleze taratibu. Mzee wangu wa Pwani shikamoo, hilo la maziwa nitalirudia.

Kwanza tusizionee hizo glavu nyeupe. Watu watakwambia lateksi ilitobolewa na kostiki. Hapana. Mpira wa lateksi unaivumilia kostiki vizuri tu. Kilichokuponza ni vitu viwili: ufupi wake, maana inaishia kifundoni na kugeuka faneli, na wembamba wake, maana glavu ya kutupa ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita na inachanika kwa ukucha. Zile zimetengenezwa daktari asiguse damu ya mgonjwa na mgonjwa asipate vijidudu vya daktari. Hakuna aliyefikiria ndoo yako.

Sasa zile glavu zako hizohizo, zitumbukize kwenye petroli au tina ya kuyeyushia rangi uone. Zitavimba na kulegea kama ngozi ya kuku aliyechemshwa. Ndiyo maana swali la "glavu gani nzuri" halina jibu mpaka utaje kemikali.

Jinsi ya kusoma glavu. Geuza nyuma ya kiganja au pakiti, tafuta mchoro wa chupa ya maabara, ile yenye tako pana na shingo nyembamba. Pembeni pameandikwa EN 374, au EN ISO 374-1 kwa mpya, hicho ni kiwango cha Ulaya cha glavu za kemikali. Chini ya mchoro kuna herufi. Kila herufi ni kemikali moja ambayo glavu ilijaribiwa nayo. Kwa kazi zako:

K ni kostiki soda ya asilimia 40. Hiyo ndiyo yako ya kwanza.
L ni asidi ya salfuriki ya asilimia 96, si ile salfoniki yako wala hidrokloriki.
T ni fomaldehidi ya asilimia 37, ambayo ndiyo fomalini yenyewe.

Glavu nyingi za naitraili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, zile za kijani ndefu, utakuta JKL. J ni heptani, jamii ya petroli. Ona basi: B, ambayo ni asetoni, haipo. Hawakusahau kuiandika. Naitraili kwa asetoni ni maskini.

Kuna pia Aina A, B na C. Aina A imehimili kemikali sita kwa angalau dakika 30 kila moja. Aina B tatu kwa dakika 30. Aina C moja tu kwa dakika 10. Usichanganye "Aina A" na herufi A, wauzaji wengi wanachanganya.

Dakika hizo ndizo watu wasizozielewa. Kemikali haihitaji tundu. Inazama kwenye mpira, inatembea ndani yake molekuli kwa molekuli, inatokea upande wa pili glavu ikiwa nzima kabisa. Na ukiivua jioni na kuitundika bila kuisafisha, ile iliyokwisha kuzama inaendelea na safari usiku kucha. Asubuhi unavaa sumu kwa ndani.

Kwa sabuni yako: naitraili nene au neoprini, inayofika katikati ya mkono wa chini au zaidi, yenye K. PVC ndefu nayo inafaa kwa kostiki na kwa hidrokloriki. Kabla hujavaa, ipulize hewa, kunja mdomo, ibane uone kama inavuja. Sekunde tano tu.

Macho nitayaandikia baadaye, niko zamu.

---

Mtu wa Maabara | #5

Nimesahau la ndimu. USITIE NDIMU WALA SIKI. Kostiki ikikutana na asidi inatoa joto, kwa hiyo unaunguza palepale palipoungua, na muda unaotafuta ndimu jikoni ndio muda ambao kostiki inazama. Dawa ni maji yanayotiririka, mengi, mara moja. Vua glavu na nguo iliyolowa huku maji yanamwagika. Dakika 15 ndio mwanzo, kwa kostiki watu wanakaa nusu saa na zaidi. Ule utelezi uliousikia, dada, ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni. Ulikuwa unatengenezwa wewe.

---

Kijiti Kikavu | #6

"Ulikuwa unatengenezwa wewe." Duh. Nimeenda kuficha ndoo ya mke wangu.

---

Fundi Dawa wa Gikomba | #7

Sisi huku Nairobi tunatengeneza sabuni ya maji kwa ufacid na ungarol, ufacid ndiyo hiyo salfoniki yenu, ungarol ndiyo slesi. Shida yetu si kujua herufi, shida ni herufi kuchapishwa bandia. Nimewahi kununua glavu zenye kila alama duniani, siku ya pili vidole vimepasuka. Utajuaje ni za kweli?

---

Mtu wa Maabara | #8

Mkubwa wa Gikomba, swali zuri. Huwezi kujua kwa asilimia mia kwa jicho, lakini kuna mitego. Glavu ya kemikali kwa taratibu za Ulaya iko kundi la tatu, la hatari kubwa, kwa hiyo baada ya CE, ile alama ya Ulaya, lazima kuwe na namba ya tarakimu nne, ambayo ni ya taasisi inayoikagua. Ukiona CE peke yake kwenye glavu inayojiita ya kemikali, jiulize. Ya pili, ndani ya pakiti huwa kuna karatasi ya maelekezo yenye jedwali la kemikali na dakika. Bandia wengi hawajisumbui kuchapisha hiyo. Ya tatu, mtengenezaji wa kweli ana jina na anwani, na orodha ya kemikali kwenye tovuti yake unayoweza kulinganisha na ulichoshika mkononi.

Halafu muombe anayekuuzia kemikali akupe karatasi ya usalama yake, wenyewe wanaiita SDS. Ina vipengele 16. Usijitese kuisoma yote. Kipengele cha 8 kinakwambia uvae nini, cha 4 kinakwambia ukidhurika ufanye nini. Anayeuza kostiki kwa magunia halafu hana karatasi hiyo, mimi simnunulii.

---

Mchenjuaji | #9

Niko Geita, kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu. Huku zebaki tunaishika kwa mikono mitupu tangu utoto na hatuoni kidonda. Dhahabu ukiichoma na zebaki unafunga kitambaa kilicholowa maji puani, basi. Je, kile kitambaa kinasaidia hata kidogo? Kuna mzungu wa mradi aliwahi kusema hakisaidii, tukamwona anatafuta posho.

---

Mtu wa Maabara | #10

Mchenjuaji, kitambaa hakisaidii. Mzungu au si mzungu, hapo alisema kweli. Mvuke wa zebaki hauna harufu, hauna rangi, na unapita kwenye kitambaa kama hewa, kwa sababu tayari ni hewa. Kulowesha hakubadilishi kitu. Hata barakoa ya N95 haiuzuii. Kinachouzuia ni kinyago cha mpira chenye kichujio kilichoandikwa Hg, chenye mkanda mwekundu na mweupe, nacho kwa kiwango cha Ulaya hakitakiwi kutumika zaidi ya saa 50 kwa jumla. Ila kwenu kifaa bora kuliko kinyago ni retoti, lile bomba linaloufunga mvuke na kuupooza urudi kuwa zebaki. Unalinda mapafu, na zebaki yako unaipata tena. Moto wenyewe uwe nje, mbali na watoto, na si kwenye jiko la kupikia.

Kutoona kidonda ndiko kunakotisha. Zebaki ya maji kwenye kiganja haipiti ngozi kirahisi, lakini inatoa mvuke muda wote, na madhara yake ni mishipa ya fahamu: mikono kutetemeka, usahaulifu, hasira zisizo na sababu. Mtu anasingiziwa karogwa.

Na kwa kuwa umetaja zebaki, kuna kisa ambacho kila mtu wa maabara hufundishwa. Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia Dartmouth, Marekani, bingwa wa metali zenye sumu. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa anafanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, amevaa glavu za lateksi, kila kitu kwa utaratibu wa wakati ule. Matone machache ya dimethili-zebaki yakadondokea glavu. Hiyo si zebaki yenu ya mialo, ni jamaa yake mbaya zaidi, na Mungu apishe mbali msikutane nayo. Hakusikia kitu. Miezi ikapita. Mapema mwaka 1997 akaanza kupepesuka na ulimi kuwa mzito, na tarehe 8 Juni 1997 akafariki, ana miaka 48. Glavu ilipopimwa baadaye ilionekana sumu ile inapenya lateksi kwa sekunde 15 au chini ya hapo. Alikuwa amevaa glavu. Alivaa isiyo ya kemikali ile.

---

Mchenjuaji | #11

Nimekusoma mkuu. Nimekaa kimya nusu saa hapa.

---

Dereva Bajaji | #12

Huu uzi unatisha kuliko nyuzi za wachawi.

---

Ilula Nyanya | #13

Naomba kuchangia upande wa shamba. Nalima nyanya Ilula. Sisi tunajidanganya kwamba hatari ni wakati wa kupuliza, kwa sababu ndipo ukungu unapoonekana. Lakini wakati wa kuchanganya ndipo unaposhika dawa ikiwa na nguvu zote, haijapata maji. Mimi nilikuwa nachanganya mikono mitupu halafu navaa koti kubwa la mvua la kupulizia. Kinyume kabisa.

Bwana shamba wetu alinifundisha kitu kidogo ambacho sijakiona kimeandikwa popote huku mtaani. Glavu na mkono wa shati, kipi kiwe juu? Inategemea unapuliza wapi. Kama mikono inaelekea chini, kama kwenye nyanya changa, mkono wa shati unafunika glavu, dawa ikichuruzika inadondoka nje. Kama unapuliza juu, miembe au parachichi, glavu inafunika shati, na mdomo wa glavu unaukunja kama bakuli ili kinachoshuka kukufuata kiwiko kikamatwe hapo. Na suruali SIKU ZOTE iwe nje ya buti. Ukichomeka suruali ndani ya gambuti kama mwanajeshi umejitengenezea ndoo mbili miguuni.

Na rangi ya mkanda chini ya lebo isomeni: nyekundu ndiyo kali zaidi, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Nikiona nyekundu namrudishia muuzaji.

---

Bi Mapovu | #14

Ilula Nyanya, Mungu akubariki. Hayo ya mikono kuelekea chini ndiyo yaliyonipata mimi! Kostiki ilishuka kwenye faneli. Ningekuwa na mkono wa shati unaofunika mdomo wa glavu ingedondoka nje.

Mtu wa Maabara, nasubiri macho.

---

Mtu wa Maabara | #15

Nimetoka zamu. Macho.

Ukiniambia una hela ya kununua kitu kimoja tu, nitakwambia nunua miwani kabla ya glavu. Mkono unapona na kovu. Jicho na kostiki halina subira hiyo. Watu wanaogopa asidi zaidi, kumbe asidi nyingi zinagandisha nyama ya juu ya jicho na kule kuganda kunazipunguza kasi. Kostiki haigandishi, inayeyusha, kwa hiyo inaendelea kwenda ndani. Tone moja linatosha.

Miwani ya fundi seremala, ile yenye mabawa pembeni, HAITOSHI. Imeundwa kuzuia kipande cha mbao kinachokuja kwa mbele. Kimiminika kinachuruzika kutoka kwenye paji la uso na kuingia kwa juu. Unataka miwani inayobana uso mzima kuzunguka macho, ya mpira laini, yenye mkanda wa kichwani. Iangalie pembeni: zipo zenye vitundu vya wazi, jicho kwa jicho na nje. Hizo ni za vumbi. Ya kemikali ina vifuniko vidogo vyenye njia iliyopinda, hewa inaingia kwa kona lakini tone haliwezi kupinda. Kwenye fremu tafuta EN 166, kiwango cha Ulaya cha miwani ya kinga, na namba 3, ambayo ni ya matone. Namba 4 ni ya vumbi kubwa, 5 ni ya gesi na vumbi jembamba. Kama kioo kimeandikwa N, hakiotei ukungu haraka.

Ngao ya uso, ile ya plastiki tuliyoizoea wakati wa Korona, inavaliwa JUU ya miwani, si badala yake. Iko wazi kwa chini na maji yakiruka kutoka kwenye ndoo yanatoka chini.

Barakoa. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kuna vitu viwili tofauti: vumbi na mvuke. N95 au FFP2 ni chekecheke la vumbi na matone madogo. Ukiwa unapima kostiki ya vipande vikavu, vumbi lake linawasha koo, hapo FFP2 inakufaa. Ukifungua fomalini, FFP2 ni pambo. Mvuke unahitaji kichujio cha kaboni kinachofungwa kwenye kinyago cha mpira, na vichujio vina rangi. Kwa mfumo wa Ulaya: kahawia A ni mivuke ya viyeyusho kama tina, kijivu B ni gesi kama klorini, njano E ni gesi za asidi, kijani K ni amonia. Nyeupe P ni vumbi. Vipo vya mchanganyiko vyenye mikanda minne, ABEK. Vya Kimarekani vina rangi zao nyingine, kwa hiyo soma maandishi, usiamini rangi peke yake.

Fomalini yako: A ya kawaida haitoshi, inatakiwa kichujio ambacho mtengenezaji ameandika wazi kwamba kinashika fomaldehidi. Lakini ushauri wangu ni mwingine kabisa: iache. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka fomaldehidi kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Zipo dawa nyingine za kuhifadhi sabuni, muulize anayekuuzia. Kifaa cha kinga ambacho huhitaji kukinunua ndicho bora.

Mzee wangu wa Pwani, maziwa sasa. Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke wa rangi unakwenda kwenye mapafu, kutoka pale unaingia damuni. Hawakutani njiani. Kunywa maziwa kwa afya, ni chakula kizuri, lakini vaa kinyago.

---

Mzee wa Pwani | #16

Marahaba. Nimekusikia, ingawa maziwa sitayaacha. Lakini swali: ile N95 nilikuwa navaa na bado harufu ya tina naisikia. Kumbe ndiyo sababu?

---

Mtu wa Maabara | #17

Ndiyo hiyo mzee wangu. Harufu ukiisikia ndani ya kinyago, ama kichujio si chake, ama kimechoka, ama kinyago hakijabana. Ndevu nazo zinaharibu, hewa inapita kwenye ndevu kama njia ya panya. Kwa tina kahawia A inafaa, isipokuwa kama ina asetoni nyingi. Asetoni inachemka chini ya nyuzi 65 na A haijaundwa kwa ajili yake, inatakiwa AX. Na kama vijana wako wanapuliza rangi ya kuchanganya na hadina, ile ya kuigandisha, usitegemee pua kabisa. Kemikali iliyomo, isosayanati, inaleta pumu kabla pua haijaigundua. Wenzetu wanavaa vinyago vinavyoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba.

---

Mama Junior | #18

Mimi nafanya usafi wa ofisi, nipewe nafasi na mimi. Bosi anasema glavu tununue wenyewe. Halafu tunachanganya jiki na dawa ya choo ili choo kitakate haraka. Juzi mwenzetu alikohoa mpaka akatoka nje anatapika. Tuvae barakoa gani?

---

Mtu wa Maabara | #19

Mama Junior, hilo si la kutafutia barakoa. ACHENI KUCHANGANYA. Jiki na dawa ya choo yenye asidi vinatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika vitani Ulaya mwaka 1915. Jiki na amonia navyo vinatoa gesi nyingine mbaya. Tumieni kimoja, suuzeni kwa maji mengi, ndipo cha pili kama ni lazima, madirisha wazi.

Bi Mapovu, na wewe sikia hapo kwenye mpango wako wa dawa ya choo: jiki na hidrokloriki visikae rafu moja.

---

Mpenda Sheria | #20

Kuhusu bosi: Tanzania Bara kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, hiyo iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na inawagusa wanaoingiza, kuhifadhi na kuuza kemikali. Mama Junior, anza na maandishi kwa bosi wako, nakala ubaki nayo.

---

Mama Junior | #21

Asante. Maandishi naogopa, lakini kuchanganya tumeacha leo.

---

Kijiti Kikavu | #22

Swali la kizembe: sufuria ya alumini inafaa kukorogea kostiki? Mke wangu ndiyo anatumia.

---

Fundi Dawa wa Gikomba | #23

Apana ndugu! Kostiki inakula alumini, inachemka na kutoa hidrojeni, na hidrojeni inawaka. Plastiki nene inayohimili joto au chuma cha pua. Maji ya kostiki yanaweza kupita nyuzi 80 bila moto wowote. Na kostiki iende kwenye maji kidogo kidogo, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki.

---

Kijiti Kikavu | #24

Narudi nyumbani sasa hivi.

---

Bi Mapovu | #25

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Bandeji imetolewa, kovu lipo ila vidole vinakunja.

Nimekwenda tena Kariakoo. Safari hii nilivyoingia dukani sikuuliza "ipo ya kemikali?" Nilisema, "Naomba glavu yenye K." Muuzaji akaniangalia. Akaichukua moja, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akaniuliza, "K ndiyo nini?" Tukaanza kutafuta pamoja, tumefungua pakiti kama sita. Za njano za elfu mbili hazina mchoro wowote, zimeandikwa tu jina la ua. Nyekundu nzito zina CE tupu. Za kijani ndefu zina chupa, JKL, na namba nne. Nikachukua jozi mbili, yangu na ya kijana. Mwenye duka akaomba nimwandikie herufi kwenye karatasi, ameibandika pembeni ya kikokotozi.

Miwani nimepata yenye namba 3. Siku ya kwanza iliota ukungu nikawa nakoroga kwa kubahatisha, nikaivua katikati ya kazi, nikajikumbusha, nikaivaa tena. Sasa naipaka tone la sabuni ya maji ndani, nalifuta kwa kitambaa laini, inakaa. Sabuni yangu mwenyewe, tena.

Aproni ya PVC inafika chini ya goti. Kanga nilizokuwa najifunga kiunoni nimeacha, maana kanga ikilowa kostiki inakukumbatisha nayo. Ndala marufuku, gambuti suruali nje. Fomalini niliyobaki nayo nimerudisha kwa aliyeniuzia, alinuna lakini kapokea. Dawa ya choo nimeiahirisha mpaka nipate sehemu nyingine ya kuhifadhia.

Ndoo nimeihamishia pembeni karibu na bomba, kijana hapiti tena nyuma yangu. Hilo nililiona mwenyewe baada ya kusoma uzi wote, kwamba siku ile kama ndoo isingekuwa njiani hata glavu mbovu zingenivusha. Kijana analalamika joto, nimekubaliana naye tunakoroga alfajiri kabla jua halijawaka.

---

Mtu wa Maabara | #26

Hongera sana dada. Glavu zioshe kwa maji kabla ya kuzivua, ukiwa bado umezivaa. Zianike kivulini. Na zile za zamani umezifanyaje?

---

Bi Mapovu | #27

Boksi la hospitali nimempa jirani mwenye saluni. Ile jozi ya siku ile nimeisuuza, nikaikata vidole vyote kwa mkasi kabla ya kuitupa. Namjua mama yangu, angeiokota akaoshee vyombo.